Mbona mfumo hauishi? Kutafuta hitilafu kwenye makadirio ya kazi na ratiba

Mwongozo huu ni wa timu ndogo, za mtu mmoja hadi watano, zinazotengeneza mifumo kwa wateja wa Tanga mjini na wilaya za jirani: SACCOS ya watumishi, duka la jumla la Ngamiani lenye maghala matatu, zahanati, wakala wa forodha anayeshughulika kati ya bandari na Horohoro. Ratiba inapovunjika, lawama ya kwanza humwangukia anayeandika msimbo, kwamba mzito. Mara chache ndivyo ilivyo. Siku nyingi hupotea katika kungoja, na katika kazi ambazo hazikuandikwa popote kwenye makadirio. Anza kutafuta huko kabla ya kumkaba mtu koo.

Humu tutatumia neno siku-kazi kwa maana ya saa 6 za mtu mmoja aliyekaa kwenye kazi hiyo peke yake. Siku ya kalenda ni ile iliyo ukutani.

Kabla ya kusoma dalili, fungua makadirio ya awali uangalie mambo matatu. Je, yameorodhesha kazi moja moja, au ni namba moja tu mwishoni mwa ukurasa? Je, mna kumbukumbu ya saa halisi kutoka mradi uliopita, hata kama ni kwenye daftari? Na tarehe ya mwisho ilitoka kwa nani? Kama mteja ndiye aliyetaja tarehe, kisha makadirio yakatafutwa ya kuifikia, ruka uende dalili ya tano.

Dalili ya 1: Siku-kazi 30 zimekuwa wiki tisa, na hakuna aliyekaa bure

Chanzo cha kawaida kuliko vyote: siku-kazi zimebandikwa moja kwa moja kwenye kalenda. Siku-kazi 30 ni saa 180. Mtu aliyeingia ofisini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja hakufanya saa 6 za msimbo. Kuna simu za wateja wa zamani, kuna kwenda benki, kuna printa ya mteja wa mwaka juzi iliyogoma. Akibakiwa na saa 4, hesabu ni 180 kugawa kwa 4, siku 45, yaani wiki tisa za siku tano. Mradi haujachelewa. Umekwenda kama ulivyopaswa kwenda, ila hakuna aliyeigawa hesabu.

Kipimo chake ni rahisi. Kwa wiki mbili kila mtu aandike jioni saa alizokaa kwenye mradi wenyewe, bila kujipendelea. Wastani huo ndio kigawanyo chenu. Usiazime namba ya timu nyingine, na usiandike 8 kwa sababu mkataba wa ajira unasema 8.

Chanzo cha pili ni mtu mmoja kushika miradi mitatu. Hapo saa 4 hazigawanyiki vizuri katika tatu, kwa sababu kila akihama mradi hupoteza muda wa kukumbuka alikoishia. Mpangie nusu siku nzima kwa mradi mmoja, asiruke kila saa.

Chanzo cha tatu ni kalenda yenyewe. Tanga mwezi wa Ramadhani hubadilisha saa za ofisi, saa za wateja kupokea simu na nguvu ya alasiri. Tena mwezi huo hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba iliyonakiliwa kutoka mwaka jana itakosea. Pima saa za Ramadhani peke yake. Kama timu hupata saa 3 badala ya 4, wiki nne hizo zihesabiwe kwa 3. Ongeza Idi mbili, Maulidi, Saba Saba, Nane Nane na Ijumaa mchana. Kukatika umeme weka kwenye orodha hii tu kama hamna betri wala inveta ya kuhimili laptopu na ruta. Mkiwa nayo, sababu hiyo hutumika kuliko inavyostahili.

Dalili ya 2: "Imebaki kidogo tu", na hii ni wiki ya tatu

Kwanza, usiulize imebaki asilimia ngapi. Omba uonyeshwe. Mwambie aingie kama keshia, asajili mauzo, atoe risiti, afute mauzo, afunge siku. Pale anaposema "hapa bado kidogo" ndipo kazi ilipo.

Sababu inayoongoza ni vipande vikubwa mno. "Moduli ya mauzo, siku-kazi 10" haiwezi kufuatiliwa, kwa kuwa hadi siku ya tisa hakuna anayejua kama imo njiani au imekwama. Ikate hadi kila kipande kisizidi siku-kazi 2, kisha kila kipande kiwe na hali mbili tu: bado, au kimekwisha. Kilichofika robo tatu ni bado. Timu zikianza utaratibu huu huona aibu wiki ya kwanza, maana mradi uliosemwa uko asilimia 80 hushuka hadi 45. Afadhali hiyo 45.

Sababu inayofuata ni kazi zilizosahauliwa. Pitisha makadirio yako kwenye orodha hii, na kila kinachokosekana kipe siku-kazi zake:

- kuingia, kubadili nywila, na ruhusa za nani aone nini (ruhusa peke yake hula siku kwenye mfumo wa zahanati)
- ripoti, hasa zile ambazo meneja anataka zifanane na fomu yake ya zamani
- printa ya risiti ya milimita 80, pamoja na dereva zake kwenye kompyuta ya mteja
- nakala rudufu, na jaribio la kuirejesha
- seva, jina la tovuti na cheti chake cha usalama
- mafunzo, mara mbili, kwa sababu wa kwanza kufundishwa huwa si wanaotumia
- kurekebisha yatakayoibuliwa na mteja kwenye majaribio

Hilo la mwisho watu hulitengea siku moja. Kwa mradi wa siku-kazi 30 anza na 5 au 6, urekebishe kadiri kumbukumbu zenu zitakavyoonyesha.

Nadra zaidi, lakini ipo: teknolojia ngeni. Mtu anajifunza huku anatengeneza. Hapa usikadirie kabisa. Toa siku-kazi 2 za kujaribu kipande kigumu kuliko vyote, kama programu ya simu ifanye kazi bila intaneti kisha ioanishe data baadaye, halafu ndipo utaje namba.

Dalili ya 3: Kwetu tumemaliza, lakini mfumo hauwezi kuwashwa

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa mifumo ya siku hizi, kwa kuwa karibu kila mteja anataka malipo ya simu na SMS. Msimbo wa kuunganisha unaweza kuwa siku-kazi 3. Foleni inayouzunguka haimo mikononi mwenu. Angalia kwa mpangilio huu:

Nyaraka za mteja. Kampuni ya simu itataka hati ya usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN, leseni ya biashara, na mara nyingi barua na vitambulisho vya wakurugenzi. Leseni ikiwa imekwisha muda, saa ya kungoja haijaanza hata kidogo. Zikusanye wiki ya kwanza ya mradi, kabla hamjaandika mstari mmoja wa msimbo. Tena kuwa na Lipa Namba dukani si sawa na kuwa na ruhusa ya mfumo kuzungumza na mfumo. Wateja huamini ni kitu kimoja, waelezeni mapema.

Funguo za mazingira ya majaribio, halafu funguo za kazi halisi. Ni maombi mawili. Timu hupata ya kwanza, ikashangilia, ikasahau kuomba ya pili.

Anwani ya seva. Mtoa huduma akitaka anwani ya IP isiyobadilika na ninyi mko kwenye seva ya kushirikiana ya bei nafuu, mtahama seva katikati ya mradi.

Jina la mtumaji wa SMS. Lisajiliwe mapema kupitia mtoa huduma wa SMS, kwa jina linalofanana na nyaraka za mteja.

Programu ya simu kwenye Google Play. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inadaiwa majaribio ya faragha yenye watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kuiweka hadharani. Hizo ni wiki mbili za kalenda, siku-kazi karibu sifuri. Asiyejua huahidi "Jumatatu iko Play Store".

Marekebisho: kwenye ratiba, kila kungoja kuwe na mstari wake, tarehe ya kuanza, na jina la anayesukuma upande wa mteja. Na msifunge malipo yenu ya mwisho kwenye "mfumo kuwa hewani". Yafungeni kwenye kitu mnachokidhibiti, kama majaribio kupita kwenye mazingira ya majaribio, la sivyo foleni ya mtu mwingine itawalaza njaa.

Kuna kungoja kwingine kusikotajwa: maamuzi. Kama bodi ya SACCOS hukaa mara moja kwa mwezi, swali lenu la "riba ihesabiwe kwa salio linalopungua au kwa mkopo wa mwanzo?" likikosa kikao cha leo litangoja siku 30. Kusanyeni maswali yote, yaingie kikao kimoja, na ombeni bodi iteue mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuamua mambo madogo kati ya vikao.

Dalili ya 4: Kuhamisha data ya zamani kumemeza mradi

Makadirio mengi huandika "kuhamisha data, siku 2". Aliyeandika aliwazia faili la Excel lililonyooka. Anayekabidhiwa hupewa madaftari ya kaunta matatu, faili mbili za Excel zisizokubaliana, na simu ya katibu mstaafu aliye Muheza anayejua alama nyekundu zina maana gani.

Usibahatishe, pima. Chukua rekodi 50: 17 kutoka mwanzo wa daftari, 17 kutoka katikati, 16 za karibuni. Ziandae na kuziingiza huku saa inahesabu. Tuseme zimechukua saa mbili na nusu. Hiyo ni dakika 3 kwa kila rekodi. Wanachama 2,400 mara dakika 3 ni dakika 7,200, sawa na saa 120, sawa na siku-kazi 20. Siku 2 zimekuwa 20, na ni afadhali mteja aijue leo kuliko mwezi wa tatu wa mradi.

Mambo yanayoongeza muda, kuanzia yanayoonekana mara nyingi: jina moja kuandikwa kwa tahajia mbili, Mwanahamisi ukurasa huu na Mwanahamis ule, namba moja ya simu kwa watu wawili wa nyumba moja, tarehe za kuzaliwa zote 1 Januari, hisa na akiba kuchanganywa kwenye safu moja. Tiba ya bei nafuu ni kukubaliana na mteja ahamishe salio la kufungia tu, si kila muamala wa miaka kumi. Madaftari ya zamani yabaki kabatini kwa rejea. Kuingiza data kufanywe na karani wa mteja kwenye faili mliyoiandaa ninyi, yenye safu zilizofungwa zisikubali makosa.

Simama hapa: salio za vyanzo viwili zikitofautiana, usizisawazishe wewe kwenye hifadhidata, hata kama tofauti ni shilingi mia tano na mwenyekiti amekuambia "weka tu ilingane". Hiyo ni kazi ya mhasibu au mkaguzi, kwa maandishi yenye sahihi. Ratiba isimame mpaka hati hiyo ije.

Dalili ya 5: Siku zilikatwa mezani

Mteja ameomba punguzo, ukapunguza bei, na kwa ukarimu ukapunguza na siku. Bei ni ya kupatana. Kila mtu sokoni Mgandini anajua. Siku hazina bei ya kupatana. Mtu akitaka wiki 6 badala ya 9, swali la kumrudishia ni moja: tuondoe nini? Mfungulie orodha ya vipande na siku-kazi zake, achague mwenyewe. Mara nyingi ripoti tano zinageuka mbili, na programu ya simu inasubiri awamu ya pili.

Chanzo kingine ni namba iliyotajwa mapema mno. Barry Boehm, mtaalamu wa uhandisi wa programu, alionyesha mwaka 1981 kwamba wazo likiwa bado changa, makadirio yanaweza kukosea kati ya robo ya ukweli na mara nne yake. Kwa hiyo namba uliyoitaja kwenye simu, ukiwa stendi ya Kange, kabla hujaona fomu hata moja, haina uzito. Taja masafa: "kati ya wiki 5 na 14, nitayabana nikishaona fomu zenu." Lakini jua kwamba mteja akisikia 5 na 14, atakumbuka 5. Kwenye mkataba iandikwe ile ya juu.

Angalia pia kama ninyi wenyewe mmekuwa mkificha akiba. Kila mtu anaongeza siku chache kimyakimya, kiongozi anajua hivyo anazikata, mwakani wanaongeza zaidi ili zikatwe. Hapo namba hazimaanishi kitu tena. Ondoeni akiba ndani ya vipande, mziweke zote pamoja mwishoni mwa ratiba, zionekane, ziitwe akiba.

Dalili ya 6: Orodha ya kazi inakua huku mnaifanya

Tanga husemwa waja leo waondoka leo. Ombi la "kitu kidogo tu" huja leo na haliondoki. Hufika kama ujumbe wa sauti WhatsApp saa nne usiku, na kesho yake linahesabiwa kuwa mlikubali.

Mara nyingi chanzo ni kwamba mteja hajaona chochote mpaka wiki ya sita. Mchoreeni skrini kwenye karatasi wiki ya kwanza, akosoe karatasi. Kufuta penseli hakugharimu siku-kazi. Kisha kuweni na ukurasa mmoja wa mabadiliko: ombi, siku-kazi, tarehe mpya ya mwisho, sahihi. Tengeni siku-kazi 4 za mabadiliko kwa mradi wa 30, zitajwe kwenye mkataba. Zikiisha, kila ombi linakuja na bei yake. Hakuna haja ya kugombana.

Kama maombi yanapingana, meneja anataka hivi na mwenye duka vile, hiyo si hitilafu ya makadirio. Ombeni waketi wao kwanza.

Dalili ya 7: Mmeongeza watu, na kazi imezidi kuchelewa

Frederick Brooks, aliyesimamia programu endeshi ya IBM System/360, aliliandika hili mwaka 1975 na bado linatukuta: mradi uliochelewa ukiongezewa watu huzidi kuchelewa. Wageni hufundishwa na walewale waliokuwa wanafanya kazi, na njia za mawasiliano huongezeka haraka kuliko watu. Watatu wana njia 3. Sita wana njia 15. Kijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka chuoni ni msaada mzuri wa kujaribu mfumo, kuandika mwongozo wa matumizi na kuingiza data. Asipewe kipande kilicho kwenye mkondo unaoshikilia tarehe. Kama zimebaki wiki chini ya nne, punguzeni kazi, acheni kuongeza watu.

Dalili ya 8: Wakadiriaji wawili, namba mbili zisizokaribiana

Mmoja anasema siku-kazi 3, mwingine 13. Msichukue wastani. Mwenye namba ndogo aseme atakavyofanya, kisha mwenye namba kubwa aseme anaogopa nini. Kwa kawaida mmoja amehesabu risiti ya kawaida na mwingine amekumbuka risiti za kodi za TRA, zenye usajili na majaribio yake. Mkishaelewana kazi ni ipi, kila kipande kipeni namba tatu: mambo yakinyooka, hali ya kawaida, mambo yakiharibika. Jumlisha ya kwanza, ya pili mara 4, na ya tatu. Gawa kwa 6. Kwa 3, 5 na 13 unapata 6. Mtawanyiko ni kubwa kutoa ndogo, kugawa kwa 6: hapa 1.7.

Tuseme vipande vinne vina wastani wa 6, 4, 8 na 3, jumla 21, na mitawanyiko ya 1.7, 1, 2 na 0.5. Vipande visipotegemeana, zidisha kila mtawanyiko kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: karibu 3. Ahidi 21 kujumlisha mara mbili ya hiyo 3, yaani 27. Lakini kama vyote vinne vinangoja karani mmoja wa mteja, vitachelewa pamoja. Hapo mitawanyiko ijumlishwe ilivyo, 5.2, na ahadi ipande hadi karibu 31. Watu husahau sharti hili, na kwa timu ndogo zenye mteja mmoja ndilo linalouma.

Mahali pa kuacha kukadiria na kumwita mtaalamu

Mkataba ukiwa na kifungu cha faini kwa kila siku ya kuchelewa, usiutie sahihi kwa nguvu ya hesabu za hapo juu. Mwanasheria ausome, na aweke kwamba kungoja kwa mteja na kwa watu wa tatu hakuhesabiwi.

Mteja akiwa halmashauri, shule ya umma au taasisi yoyote ya serikali, aulizwe kwanza kama mradi umepita kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao na kama ununuzi unapitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Kabla ya majibu hayo hamna tarehe ya kuanza, achilia mbali ya kumaliza.

Mfumo ukigusa taarifa za wagonjwa au za mikopo ya watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika, pamoja na usajili kwa Tume yake. Mpeni mteja mshauri anayeijua, na siku zake ziingie kwenye ratiba kama mstari wa kungoja.

Na mradi ukiwa umekwisha kupanga tarehe mpya mara tatu, acheni kupanga ya nne. Mleteni mtu wa nje ya timu, mwenye uzoefu wa mifumo ya aina hiyo, asome orodha ya vipande vilivyobaki na kuvikadiria upya bila kuonyeshwa tarehe zenu. Mlipeni kwa siku, na mpeni mfumo wenyewe aubofye.